Ukihamia Mji Wenye Maji, Anza na Saa ya Maji

Mgeni wa mji ulio kando ya bahari, ziwa au mto mkubwa huteremka ufukweni siku ya mapumziko, saa nane mchana, kwa sababu ndiyo saa aliyopata nafasi. Anakuta jua linamchoma usoni, majengo ya ng'ambo yamegeuka vivuli vyeusi, upepo unarusha mchanga, na pale ambapo pichani palikuwa na maji sasa pana tope hadi mbali. Anaondoka akiamini picha zilimdanganya. Angefika palepale saa moja asubuhi, angekuta mahali pengine kabisa.

Mji una ratiba yake na maji yana yake. Ya mji utaizoea tu kwa kuishi hapo. Ya maji inabidi uisome: jua liko upande gani, maji yamejaa au yamepwa, upepo unatoka wapi, na chombo cha mwisho cha kurudi kinaondoka saa ngapi. Mambo haya manne yanaweza kukaguliwa kwa dakika kumi kabla hujafunga mlango wa nyumba, na ndiyo yanayoamua kama siku itakuwa ya kukumbukwa au ya kuchoka bure.

Ramani kabla ya miguu

Fungua ramani ya picha za satelaiti, siyo ile ya barabara peke yake. Fuata ukingo wa maji kwa kidole kutoka mwisho mmoja wa mji hadi mwingine. Utaona upesi kwamba sehemu kubwa ya ukingo imeshikwa na bandari, maghala, viwanda na nyumba za watu, na kwamba sehemu ambayo mtu yeyote anaweza kuifikia ni vipande vipande. Weka alama kwenye kila kipande. Tafuta hasa mistari iliyonyooka inayoingia majini, maana hayo ni magati na kuta za kuvunja mawimbi, na ncha za nchi kavu zinazochomoza. Kisha tafuta madaraja na vilima vilivyo karibu na ukingo. Ramani ya barabara itakuonyesha njia inayopita sambamba na maji, lakini haitakuambia kuwa kati yako na maji kuna ukuta wa mita tatu. Picha za mtaani, kama zipo kwenye ramani unayotumia, zitakuambia.

Rasi na ghuba si kitu kimoja kwa mtazamaji. Kwenye rasi unapata bahari wazi, mawimbi makubwa, upepo mwingi, na pengine macheo na machweo mahali pamoja. Kwenye ghuba maji hutulia, taa za upande wa pili huakisiwa usiku, na mtoto mdogo anaweza kukaa saa nzima bila kupeperushiwa kofia. Mto nao una tabia yake: upande wa nje wa kona maji huenda mbio, kina ni kirefu na ukingo umesimama wima, ndiyo maana vyombo hupenda kutia gati huko, upande wa ndani wa kona mchanga hujikusanya, maji ni haba na ukingo ni mpana. Ukitaka kuona vyombo kwa karibu nenda upande wa nje. Ukitaka mahali pa kutandika mkeka, upande wa ndani.

Urefu wa mahali unaposimama una thamani kuliko watu wanavyodhani. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama ufukweni, macho yake yakiwa mita 1.7 juu ya maji, upeo wa bahari uko kilomita 4.7 tu kutoka kwake. Akipanda hadi macho yawe mita 10, upeo unasogea hadi kilomita 11. Kwenye mita 30 ni karibu kilomita 20, na kwenye mita 100 ni karibu 36. Hesabu yake ni rahisi: kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, zidisha kwa 3.57, unapata kilomita. Kwa hiyo hatua za kwanza kupanda ndizo zenye faida kubwa. Ngazi za ghorofa tatu zinaongeza upeo zaidi ya mara mbili, na kisiwa ambacho kutoka mchangani ulikiona vilele vya miti tu kitaonyesha na ufuko wake. Ukishapita upeo wa kilomita 30 hivi, mara nyingi kinachokuzuia ni unyevu na vumbi hewani, wala si duara la dunia. Siku inayofuata mvua kubwa, hewa ikiwa imeoshwa, ndiyo siku ya kupanda mahali pa juu kabisa mjini.

Jua likae mgongoni

Kwa mandhari ya ng'ambo, kanuni ni moja: jua liwe nyuma yako. Kama mji uko mashariki mwa maji nawe umesimama ukingo wa magharibi, nenda alasiri, jua likianguka usoni mwa majengo. Asubuhi utaona vivuli vyake tu na mng'ao wa kuumiza macho. Kama umesimama ukingo wa mashariki ukitazama magharibi, geuza: asubuhi kwa majengo, jioni kwa machweo yenyewe. Kwenye ramani yako andika "asubuhi" au "jioni" pembeni ya kila alama. Kazi hiyo ni ya mara moja na itakusaidia miaka.

Wanaotoka karibu na ikweta wakihamia mbali hukosea hapa. Karibu na ikweta, mahali jua linapozama husogea nyuzi 23 na kitu tu kila upande wa magharibi halisi kwa mwaka mzima. London, siku ndefu za Juni, jua huzama karibu nyuzi 40 kaskazini mwa magharibi, na Desemba karibu nyuzi hizohizo kusini mwake. Gati linalotazama machweo majini mwezi wa sita linaweza kuyatazama nyuma ya majengo mwezi wa kumi na mbili. Programu za simu zinazochora njia ya jua juu ya ramani huonyesha jambo hili kwa tarehe yoyote; itumie kabla ya kumwalika mtu.

Muda wa nuru nzuri nao hutofautiana. Ile nuru laini ya dhahabu hupatikana jua likiwa chini ya nyuzi 6 hivi juu ya upeo. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kwa hiyo nuru hiyo hudumu dakika 25 hivi na giza huingia haraka. London katikati ya kiangazi hudumu karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu jua huteremka kwa mshazari. Watu hupima muda uliobaki kwa vidole: nyoosha mkono, laza vidole kati ya jua na upeo, uhesabu. Wengi wamefundishwa kuwa kidole kimoja ni dakika 15. Hiyo ni kweli kwa nchi zilizo mbali na ikweta. Kidole ni takriban nyuzi 2, na karibu na ikweta nyuzi 2 ni dakika 8. Anayetumia kipimo cha dakika 15 huko atafika machweo yamekwisha.

Na jua likishazama, usiondoke. Mawingu ya juu mara nyingi huwaka rangi dakika kumi hadi ishirini baadaye, kisha hufuata ule ubluu mzito ambao taa za mji na anga huwa na mwangaza unaokaribiana. Huo ndio wakati ambao simu ya kawaida hupiga mji wa usiku vizuri zaidi, taa zisigeuke madoa meupe. Egemeza simu kwenye ukuta au nguzo na utumie kihesabu cha sekunde tatu ili kidole chako kisiitikise. Futa lenzi kwanza kwa kitambaa laini, maana kando ya bahari huwa na ukungu mwembamba wa chumvi ambao macho hayauoni, lakini kila taa itaonekana na mkia.

Kujaa na kupwa

Hapa ndipo wageni wanapopoteza siku nyingi zaidi, na ndipo pia hatari halisi ilipo.

Kwenye pwani nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Zile dakika 50 za ziada ndizo zinazochanganya: maji yaliyojaa saa nne asubuhi Jumamosi hii, Jumapili yatajaa karibu saa tano kasoro dakika kumi, na Jumamosi ijayo saa nne asubuhi yatakuwa yamepwa au yanakaribia kupwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "nenda asubuhi, maji huwa mazuri", muulize ni asubuhi ya tarehe gani.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, kwa kawaida siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ikawa ndogo. Kuna jambo moja ambalo wavuvi wa kila pwani hulijua na ambalo mgeni anaweza kulikopa siku ya kwanza: mahali pamoja, bamvua hujaa karibu saa zilezile kila mara. Ukijua kuwa hapo kwenu siku ya mwezi mpevu maji hupwa kabisa saa nne asubuhi, basi mwezi mpevu wa mwezi ujao yatapwa karibu saa nne asubuhi, na mwezi mwandamo vilevile. Andika saa hiyo mahali utakapoiona. Kuanzia hapo unaweza kukadiria siku yoyote kwa kutazama mwezi na kuongeza dakika 50 kwa kila siku iliyopita.

Kwa uhakika zaidi tumia jedwali la maji la bandari iliyo karibu nawe. Lisome hivi. Namba za urefu hupimwa kutoka kiwango cha chini sana cha maji, kwa hiyo kinachokuhusu ni tofauti: kujaa mita 3.4 na kupwa mita 0.4 ni tofauti ya mita 3. Angalia kama saa zimeandikwa kwa saa za mahali hapo, na katika nchi zinazosogeza saa mbele kiangazi, hakikisha jedwali limesogezwa pia. Lisiposogezwa utakosea kwa saa nzima. Kama uko juu ya mlango wa mto, maji hufika kwako baadaye kuliko bandarini. Na mgandamizo wa hewa ukishuka kwa sababu ya dhoruba, maji huinuka kuliko jedwali linavyosema, takriban sentimita 1 kwa kila hektopaskali 1 (kipimo cha mgandamizo wa hewa) inayoshuka, kabla hata ya kuhesabu upepo unaoyasukuma kuelekea nchi kavu.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti yote mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa tofauti ya mita 3, saa ya kwanza ni sentimita 25 tu, mtu anadhani ana muda tele. Saa ya tatu na ya nne ni sentimita 75 kila moja. Kwenye ufuko wenye mteremko mdogo, wa mita 1 kwa kila mita 50, sentimita 75 ni maji kusogea karibu mita 38 ndani kwa saa moja. Ndivyo watu wanavyonaswa kwenye fungu la mchanga: maji hayaji kwa mbele peke yake, hupita kwanza kwenye mikondo ya chini iliyo nyuma yao. Kanuni yangu ya kutembea mchangani ni kuanza saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na kugeuka kurudi yanapofika kikomo cha kupwa, hata kama mahali ninapokwenda panaonekana karibu. Sehemu zinazofikiwa kwa njia inayofunikwa na maji, kama kisiwa cha Lindisfarne kule Uingereza, huwa na saa salama za kuvuka zilizotangazwa. Fuata hizo na usizikadirie mwenyewe.

Maji gani ni bora kwa mandhari? Inategemea ukingo. Kama mji umejenga ukuta wima, maji yakijaa hufika karibu na miguu yako, yanaakisi kila kitu na tope limefunikwa. Yakipwa unatazama ukuta wenye mwani na harufu nzito. Kama ni mwamba au mchanga mpana, kupwa ndiko kwenye raha: vidimbwi vyenye kaa na samaki wadogo, mchanga ulioloa unaoakisi anga, na nafasi ya kutembea kilomita nyingi. Kwa madaraja ya miguu na feri ndogo, maji yakipwa sana ngazi ya kushukia chomboni huwa imesimama mno; mwenye mzee au mtoto wa kubebwa achague saa nyingine.

Kama mji wako uko kwenye ziwa, au kando ya bahari kama Mediterania ambako sehemu nyingi kujaa na kupwa ni kwa sentimita makumi tu, ruka haya yote na uongeze umakini kwenye upepo. Na kama uko kwenye Ghuba ya Fundy, Kanada, ambako tofauti hufika karibu mita 16, usishuke ufukoni bila jedwali mkononi.

Upepo una ratiba

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa baridi ya majini huingia kujaza nafasi. Upepo huo huanza mwishoni mwa asubuhi, hufikia nguvu yake katikati ya alasiri na kufa jioni. Ndiyo sababu maji ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi huwa laini na yanaakisi, na ya saa tisa mchana huwa yamevunjika. Kwa picha za mji ukiakisiwa, kwa kupiga makasia, kwa mtu anayeogopa mawimbi, asubuhi haina mshindani.

Kwa baiskeli au matembezi marefu, anza dhidi ya upepo ukiwa na nguvu, urudi ukisukumwa nao. Watu wengi hufanya kinyume, kwa kuwa kuanza na upepo nyuma kunapendeza, halafu kilomita kumi za kurudi zinawavunja. Chomboni, upande wa joshi, ule unaopigwa na upepo, ndio wenye rasharasha; demani, ule wa pili uliokingwa na upepo, ni pakavu. Kama jua na mandhari viko upande wa joshi, vaa koti la kuzuia upepo. Hata katika mji wa joto, chombo kinachokwenda kilomita 25 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20 kinakupiga na upepo wa kilomita 45, na ukiwa na nguo iliyoloa utatetemeka.

Ukungu wa majini hutokea hewa yenye unyevu inapopita juu ya maji baridi. San Francisco ndio mfano maarufu: mgeni hufika katikati ya kiangazi akitarajia kuona daraja la Golden Gate na hukuta weupe mtupu, ilhali Septemba na Oktoba ndiyo miezi yenye uwazi zaidi. Kabla ya kupanga safari kubwa katika mji wowote, uliza wenyeji mwezi wenye uwazi ni upi, na usidhani kuwa mwezi wa joto ndio wenye anga safi.

Anza na feri ya wananchi

Usianze na boti ya watalii. Panda kwanza feri ambayo watu huenda nayo kazini. Inapita majini palepale, inakuonyesha umbo la mji kutoka mahali mji ulipotazamia tangu mwanzo, na ukikosea upande wa kukaa unarudi nayo tena. Feri ya Staten Island mjini New York haitozi nauli kwa abiria, huchukua dakika 25 na hupita ukiiona Sanamu ya Uhuru. Ukitoka Manhattan simama kulia, ukirudi simama kushoto. Istanbul, feri za kuvuka kati ya upande wa Ulaya na wa Asia ni usafiri wa kila siku, na hakuna jukwaa la kutazamia mji linalozishinda. Hong Kong ina feri zake za kati ya Tsim Sha Tsui na Central. Karibu kila mji wa maji una kitu cha namna hii, kikubwa au kidogo.

Epuka saa za watu kwenda na kurudi kazini, kwa raha yako na kwa heshima yao. Chagua feri inayoondoka nusu saa kabla ya machweo, vuka, subiri ng'ambo taa ziwake, urudi gizani. Panda mapema, uliza mhudumu chombo kitageuka upande gani kikiondoka gatini, maana mara nyingi feri hutoka kinyumenyume kisha hugeuka na mandhari uliyoitegemea huhamia upande wa pili. Mwenye kichefuchefu akae katikati ya chombo, sitaha ya chini, ambako kutikisika ni kidogo, na atazame upeo wa macho, asitazame simu. Vidonge vya kichefuchefu vya safari humezwa nusu saa hadi saa moja kabla. Mtu akisubiri kichefuchefu kianze, dawa imechelewa, na nyingi kati yake huleta usingizi.

Boti ndogo za kukodi ni habari nyingine. Kabla ya kupanda angalia jaketi za kuokoa maisha ziko wapi na kama zinatosha watu wote waliomo, ukubwa wa mtoto ukiwemo. Tazama ukingo wa boti uko juu ya maji kiasi gani baada ya watu kukaa. Abiria wakiwa wamekaa ukingoni kwa sababu viti vimejaa, shuka. Nahodha akikuambia bahari ni shwari huku vilele vya mawimbi nje ya ghuba vikiwa vyeupe, amini mawimbi. Nauli uliyolipa haina thamani ya kuvumilia hilo.

Safari ya siku moja huhesabiwa kutoka mwisho

Kosa la kawaida ni kuhesabu muda wa chombo peke yake. Chukua kisiwa au mji jirani ulio dakika 45 kwa feri. Kutoka nyumbani hadi gatini dakika 30, tiketi na kupanda dakika 25, majini 45, kushuka na kutoka gatini 10. Umefika dakika 110 baada ya kufunga mlango. Ongeza dakika 40 hadi fukwe au ngome unayoiendea. Ukiondoka nyumbani saa 1:00 asubuhi, utakuwa pale saa 3:30.

Sasa anza upande wa pili. Chombo cha mwisho kinaondoka saa 12:00 jioni na kilicho kabla yake saa 10:30. Panga kurudi na cha saa 10:30. Cha mwisho hubeba kila aliyechelewa, hujaa, na kikifutwa huna kingine. Kukiwahi uwe gatini saa 10:00, maana yake uondoke ulipo saa 9:15. Nyumbani utafika saa 11:55 jioni. Muda wa kukaa pale ni saa 5 na dakika 45, na njiani umetumia saa 5 na dakika 10. Feri ya dakika 45 imekula zaidi ya saa tano. Bado ni siku nzuri, kwa kuwa muda wa kukaa umezidi wa njiani. Ukikokotoa ukaona wa njiani umezidi, tafuta mahali karibu na gati la kushukia, au ulale huko.

Ratiba usome mara mbili: ya siku za kazi, ya mwisho wa wiki na ya sikukuu huwa tofauti, na nyingi hubadilika kwa majira. Picha ya ratiba iliyobandikwa gatini, uliyoipiga mwenyewe unaposhuka, ni bora kuliko ya mtandaoni iliyosahauliwa. Piga picha hiyo kabla hujatoka gatini, kila mara. Tena uliza kama tiketi ya kurudi inakuhakikishia kiti kwenye chombo fulani au inakuruhusu tu kupanga foleni.

Kisha linganisha siku yenyewe na maji. Kama unakwenda kutembea mchangani, maji yapwe kati ya saa tano na saa saba mchana. Kama unakwenda kuogelea mahali penye miamba au mwani, yajae saa hizo. Wiki moja karibu daima ina siku inayofaa hili na nyingine inayofaa lile, kwa hiyo chagua siku kulingana na shughuli. Mtu mwenye Jumamosi tu abadilishe shughuli kulingana na Jumamosi.

Mfukoni na mgongoni beba kidogo. Maji ya kunywa, koti jepesi la upepo, mfuko usiopitisha maji wa simu na pesa, kofia yenye kamba. Miwani ya jua iwe ya aina inayokata mng'ao wa maji. Dukani itazame kupitia kwayo sakafu inayong'aa huku ukiizungusha polepole, mng'ao ukipungua na kurudi ndiyo yenyewe. Mafuta ya kukinga jua yapakwe upya kila baada ya saa mbili na baada ya kuogelea. Maji yenyewe huakisi chini ya asilimia 10 ya miale inayounguza, mchanga mkavu karibu 15 na povu la mawimbi karibu 25, kwa hiyo kukaa chini ya mwavuli ufukoni hakutoshi. Chaji ya simu huisha haraka majini kwa sababu simu inatafuta mtandao ulio mbali. Iweke hali ya ndege hadi utakapoihitaji, na tiketi uwe umeihifadhi kama picha.

Kwenye miamba na kuta za kuvunja mawimbi, simama nyuma utazame kwa robo saa kabla ya kukanyaga. Mawimbi huja kwa makundi, na kundi kubwa linaweza kufika baada ya dakika kadhaa za utulivu. Mwamba ulioloa umefikiwa na wimbi leo. Mwamba mweusi au wa kijani unateleza hata ukionekana mkavu.

Siku ambayo vyombo vimesimamishwa kwa sababu ya upepo, siku yenyewe haijafa. Fungua ramani yenye alama zako, tazama upepo unatoka upande gani, na uende ukingo ambao kilima au mji wenyewe umeukinga. Huko maji yatakuwa yametulia kiasi cha kuakisi, na kwa kuwa kila mtu amebaki nyumbani, benchi la mbele litakuwa wazi.